Chumba cha Kunusia

Mama yangu alipofariki, simu yangu ilikuwa ndani ya sanduku la plastiki nje ya mlango wa chumba cha kunusia, imezimwa mlio, imelala juu ya simu za wenzangu. Mimi nilikuwa ndani, nimeinamia kichupa chenye kipande cha kitambaa cheupe, nikijaribu kuamua kama kilinuka samaki kidogo au kilinuka samaki sana. Tulikuwa mji mmoja, mimi na yeye. Kutoka kiwandani hadi kwetu ni mwendo mfupi wa pikipiki: unavuka daraja la Lukuga, unashuka upande wa ziwa, umefika. Lakini nilikuwa sijalala chini ya paa lake tangu mvua za mwaka uliotangulia, kwa sababu nyumba yake ilinuka samaki, na kazi yangu mimi ilikuwa pua.

Watu wakisikia hivyo hudhani tuligombana. Hatukugombana. Yeye ndiye aliyenifungia begi.

Kampuni niliyoingia ni kubwa. Inauza sabuni za kufulia na za kuogea, mafuta ya kupikia, dawa ya meno, na ile sabuni ya unga ya vipakiti vidogo inayoning'inia kwenye vibanda kuanzia hapa Kalemie hadi Nyunzu. Nilipomaliza sekondari ilitangaza nafasi za vijana watakaosoma na kufanya kazi kwa pamoja: siku nne za juma kiwandani, siku mbili chuoni, na mwishoni digrii ya kemia. Minerval, yaani karo ya chuo, yote ingelipwa na kampuni. Mama alikuwa mjane wa mfanyakazi wa reli, na katika maelezo yote niliyomsomea siku ile, alisikia hilo la minerval tu.

"Weye," aliniambia, "hata bakikutuma kufagia, fagia."

Sikufagia. Walinipa koti jeupe lililonipwaya mabega, wakaniweka maabara. Miezi ya kwanza nilipima soda kali iliyobaki ndani ya sabuni. Unakata vipande vyembamba, unaviyeyusha, unadondosha asidi tone kwa tone, unangoja rangi ya waridi ipotee. Ikichelewa kupotea, sabuni hiyo itachoma mikono ya mtu. Niliipenda kazi hiyo kwa sababu ina jibu. Nyumbani nilimweleza Mama, naye akanyoosha mikono yake, iliyokuwa na makovu ya moto tangu kwenye vidole mpaka kwenye viwiko, akauliza, kwa ile "njo" yetu ya kusema "ndiyo", "Hii yote njo sabuni?" Akacheka peke yake.

Mama alikuwa mbanika samaki. Alinunua mikebuka, wale samaki warefu wa ziwani, asubuhi mitumbwi inaporudi, akawapasua, akawapanga kwenye wavu juu ya pipa lililokatwa, akawasha chini yake kuni za mpera. Hakutumia kuni nyingine akiweza. Moshi wa mpera, alisema, haumwachii samaki uchungu. Wakikauka aliwafunga kwenye vikapu na kuwatuma kwa treni kwenda Nyunzu, na wengine walifika hata Manono kwa baiskeli. Mimi nilikua ndani ya moshi huo. Nikiwa mdogo alikuwa akinifumba macho kwa kiganja, ananishikia samaki chini ya pua na kuuliza: wa leo au wa jana? Huyu amenyeshewa au hakunyeshewa? Ulikuwa mchezo wetu wa jioni tukingoja wali uive.

Kiwandani mchezo huo una jina refu la Kifaransa na chumba chake. Harufu ya sabuni mashine zetu haziwezi kuipima, hupimwa na watu. Mkuu wa maabara, mwanamke mpole wa sauti ya chini tuliyemwita Mama Shefu, alitupitisha sote kwenye mtihani. Anakuwekea vichupa vitatu vilivyofunikwa, viwili vina kitu kilekile, kimoja ni tofauti. Wewe unasema ni kipi. Wenzangu walipata hapa, wakakosa pale. Mimi sikukosa. Mama Shefu alirudia na vichupa vingine, kisha vingine, mwishowe akavua miwani.

"Umelelewa wapi, weye?"

"Kwa samaki, Mama Shefu."

Wote walicheka, na nikaingizwa katika kundi la wanusaji.

Kundi lile lina masharti yake. Asubuhi ya kunusa hujipaki marashi wala mafuta ya nywele. Hunywi kahawa. Huli kitunguu saumu wala pilipili. Unaoga kwa sabuni isiyo na harufu ambayo kiwanda kinakupa, nguo unazifua kwa hiyohiyo. Simu inabaki sandukuni nje, mlango unafungwa, na kwenye kitasa kinaning'inizwa kitambaa chekundu. Kikiwa pale hakuna anayegonga, hata mkurugenzi. Ndani kuna vibanda vya mbao kama vya kupigia kura, kila mmoja na chake, na hakuna kuzungumza, kwa sababu mtu mmoja akisema "ah" wote wanaanza kunusa hiyo "ah" yake.

Nilifuata masharti yote. Lakini juma la tatu mwenzangu wa kibanda cha jirani aliinua mkono.

"Mama Shefu, leo vichupa vyote vinanuka mukebuka."

"Vichupa hapana," mwingine akajibu. "Jirani yako."

Kicheko kilizunguka chumba kizima. Nami nilicheka, ingawa masikio yalikuwa yanawaka. Mama Shefu alinitoa nje baadaye, akaongea nami chini ya dirisha la jenereta ili wengine wasisikie. Hakunikaripia. Alisema moshi uko kwenye nywele zangu na kwenye mtandio wangu, kwamba mimi siusikii kwa sababu nimeuzoea, lakini unaharibu kipimo cha wenzangu. Alisema pia kuna kazi kubwa inakuja: kampuni inataka sabuni ya kufulia kwa ajili ya miji ya ziwani, sabuni itakayoondoa harufu ya samaki kwenye nguo. Alitaka iwe kazi yangu ya mwisho ya chuo. Bila pua yangu kundini, ingempasa kumpa mwingine.

Nilimweleza Mama jioni ile. Kesho yake aliliburuta pipa hadi mwisho wa uwanja. Akapeleka nguo zangu zikatundikwe kwa jirani. Akazisuuza kwa maji ya ndimu, akazianika juu ya paa, akajaribu kubanika siku ambazo mimi niko chuoni tu. Haikusaidia. Moshi ulikuwa umeingia ukutani, kwenye godoro, kwenye mbao za dari. Ijumaa moja niliporudi nikakuta begi langu liko mlangoni, limefungwa kamba.

"Unaenda kwa mudogo wangu," alisema. Mdogo wake, mama yangu mdogo, ni mwalimu, anaishi kule juu mlimani, ng'ambo ya daraja, nyumba ya saruji isiyojua samaki mbichi.

"Mama, siendi."

"Sikiliza. Ile harufu njo ilijenga hii nyumba. Siwezi kuifukuza. Basi weye njo utatoka." Akaniangalia, akaona uso wangu, akaongeza, "Kwani naenda Ulaya? Nitakuwa hapahapa, nanuka."

Ndivyo tulivyoanza kuishi mji mmoja kama watu wawili waliotenganishwa na mpaka. Alikuja kunitembelea karibu kila Ijumaa baada ya sala. Kabla ya kuketi barazani kwa mama mdogo aliangalia majani ya mgomba yanaelekea wapi, kisha akakaa upande ambao upepo ungepeleka harufu yake mbali nami. Tulisalimiana kwa kuinua mikono. Mara ya kwanza nilimkimbilia, akarudi nyuma hatua mbili, akainua kiganja kama polisi wa njiani: "Polepole, utaharibu mashine." Mama mdogo alisema sisi wawili tuna wazimu, na akaenda kuchemsha chai.

Ile kazi kubwa ikaanza. Ili kupima kama sabuni inaondoa harufu ya samaki, lazima kwanza uwe na nguo zenye harufu hiyo kweli. Kiwanda kiligawa vitambaa vyeupe kwa kina mama wabanikaji wa pwani. Walivifunga kiunoni wakibanika kutwa nzima, kesho yake gari la kiwanda likavikusanya. Mama alikuwa mmoja wao. Alinipigia simu, na tangu neno la kwanza nilisikia kwamba anajizuia kucheka.

"Batu ba sabuni banatulipa tunuke. Umesikia? Harufu yetu sasa iko na biro, iko na ofisi yake."

Maabara tulivikata vipande, tukavifua kwa sabuni za majaribio, kila moja na mchanganyiko wake, tukavitia kwenye vichupa. Kundi likanusa na kuandika: sifuri kama hakuna samaki, kumi kama umesimama kando ya pipa. Vipande havikuwa na majina, vilikuwa na namba tu. Lakini asubuhi ya kwanza nilifungua kichupa kimoja na nikajua. Mpera. Na chini ya mpera, mafuta ya nazi aliyojipaka mikononi. Nilikaa na kichupa kile muda mrefu kuliko vingine. Kilikuwa kipande ambacho hakijafuliwa, nikaandika tisa, na ilikuwa tisa kweli. Nikakifunika, nikavuta kinachofuata.

Nilipomweleza kwamba nilikitambua kitambaa chake, Mama hakuona la kusikitisha. Aliona biashara.

"Na ukishafua, inafika wapi?"

"Sita."

"Sita bado njo samaki. Ikifika sifuri?"

"Ikifika sifuri, Mama, nafua kila kitu nyumbani. Nguo, shuka, mapazia. Naosha na kuta. Narudi."

"Basi fanya haraka."

Kuanzia hapo kila jioni simu yake ilikuwa na swali moja: imefika wapi? Hakuuliza nimekula nini. Tulijaribu mafuta ya mawese yaliyosafishwa na yasiyosafishwa. Tulijaribu chumvi ya madini fulani ambayo Mama Shefu aliiagiza na ikakwama bandarini wakati wa dhoruba za ziwa. Ikashuka hadi tano. Ikarudi sita. Juma zima umeme ulikatika na hatukufua kitu. Ikaenda nne, ikakaa hapo hadi nikaanza kuiota. Nikimwambia "nne," alisema "nne" kwa sauti ileile, kama tunahesabu samaki pamoja.

Kisha, mwisho wa kiangazi, mchanganyiko mmoja ukatoa mbili.

Asubuhi aliyofariki tulikuwa tunaurudia mchanganyiko huo kuhakikisha. Nilitoka chumbani nikiwa na furaha, nakumbuka, kwa sababu kwenye vichupa viwili nilikuwa nimeandika moja. Nikatoa simu sandukuni. Mama mdogo alikuwa amepiga tena na tena. Nilipompigia hakuzunguka maneno. Alisema, "Dada yangu hatunaye. Kuya nyumbani." Nilimuuliza nyumbani kwa nani. Nilikuwa sijazoea tena neno hilo kumaanisha kwa Mama.

Majirani walisema aliamka, akasali alfajiri, akawasha pipa, akaketi kwenye kigoda akajiegemeza ukutani, wakadhani amesinzia. Moto uliendelea. Samaki waliungua wote upande mmoja, kitu ambacho hakikuwahi kutokea kwake, na ni harufu hiyo ya kuungua iliyomleta jirani.

Sisi ni watu wa msikiti, maiti haingoji. Kina mama waliokuja kumwosha walikuwa wamekwisha chemsha maji nilipofika. Mkubwa wao aliniuliza kama nitaweza. Nikasema nitaweza. Wakatundika mashuka kuzunguka kitanda cha kamba, wakanipa upande wa mikono.

Sabuni ilikuwa kipande cha kawaida kutoka dukani, sabuni yetu, na niliijua hata mchanganyiko wake. Nilimwosha vidole kimoja kimoja, chini ya kucha, kwenye mistari ya viganja, juu ya yale makovu. Nilisuuza, nikarudia. Moshi haukutoka. Niliinama karibu, karibu zaidi kuliko alivyoniruhusu miezi ile yote, na hakuna aliyenikataza. Mpera, mafuta ya nazi, na samaki. Mwanamke wa upande wa pili aliona ninachofanya akageuza macho, akaanza kumimina maji polepole ili nisiharakishwe. Kisha wakaleta maji ya mwisho, yale yenye kafuri. Kafuri ikipita hakuna harufu nyingine inayobaki, hilo naweza kulithibitisha kwa kazi yangu. Nilibaki nimeshika mkono ambao haukunuka chochote cha Mama. Wakamfunga sanda. Kabla ya alasiri wanaume walikuwa wamekwisha mbeba.

Siku ya tatu ya matanga mlinzi wa lango la kiwanda alikuja kutoa pole. Ni mzee wa Kiluba, hapendi maneno mengi. Alikaa kwenye mkeka na kina baba, akanywa chai, na alipoinuka kuondoka aliniita kando, kwenye kivuli cha nyumba.

"Pole sana, dada. Ule Mama nilimwona. Sikujua kama ni mugonjwa."

"Ulimwona wapi, Papa?"

"Kwa lango. Alikuya kukuuliza."

Nikamwambia hapana, Mama hajawahi kufika kiwandani, amekosea mtu. Akatikisa kichwa taratibu.

"Alitaja jina lako, na la baba yako. Jumanne, asubuhi. Nikatuma mutu aende kukuita, akarudi akasema kitambaa chekundu kiko pa mulango. Nikamwambia Mama: bako ndani, banafunga mulango, hata shefu hagonge. Nikamwambia naweza kujaribu kugonga kama ni maneno ya haraka. Akasema hapana, mumuache afanye kazi. Akakaa pale pa benchi yangu."

"Alikaa muda gani?"

"Mpaka jua likafika pa benchi."

"Alikuwa amebeba kitu?"

"Hapana. Mikono tu." Alifikiri. "Alivaa vizuri. Miye nikasema huyu Mama anaenda kwa ndoa. Alikuwa ananuka sabuni."

Nilimuuliza mara mbili, alinuka nini? Sabuni, alisema. Sabuni mpya. Alikuwa ameoga, amefua, amevaa nguo ambayo labda aliiweka kwa jirani, ili aweze kunikaribia siku ya kazi bila kuniharibia. Akaondoka bila kuacha neno.

Jumanne hiyo jioni, siku chache kabla ya kufariki, alinipigia kama kawaida. Nimeyarudia mazungumzo yale kichwani hadi sina hakika tena ni maneno yapi yake na yapi yangu. Aliuliza imefika wapi. Nikasema mbili. Akasema vizuri. Nikamwambia nitakuja kabla ya mwezi kuisha na ndoo ya sabuni na brashi, aanze kutoa vitu nje. Akasema vizuri, nitatoa. Hakusema leo nilifika kwako. Hakusema kichwa, wala kifua, wala kizunguzungu.

Tangu matanga yaishe nimefanya kile ninachojua kufanya, yaani kuuliza mmoja mmoja na kulinganisha. Mama mdogo hakujua lolote. Alikasirika kwamba dada yake alipita mlimani bila kubisha kwake, kisha akalia. Wenzake wa pwani wanasema Jumanne hakununua samaki, alimwachia mwenzake zamu ya pipa na kusema, "Naenda kuona mutoto." Mmoja anadhani kulikuwa na habari ya mtu anayetaka kunichumbia, mwingine kwamba Mama aliota ndoto mbaya, wa tatu aliniambia niache, kwamba mtu akiondoka tunageuza kila hatua yake kuwa kuaga. Huenda. Lakini mtu hafui na kujipamba asubuhi ya kazi, akaacha samaki, akavuka daraja, kwa ajili ya kusalimia tu, na kama ni kusalimia tu, kwa nini asiniambie jioni?

Nimerudi kazini. Kitambaa chekundu kingali kinaning'inizwa. Mama Shefu aliniuliza kama nataka simu yangu ibaki mezani kwake, ajibu yeye, nikamwambia hakuna haja tena, halafu nikajuta kusema vile kwa sababu maneno yangu yalimwumiza. Sabuni imepita majaribio. Nyumba ya Mama imefungwa, sijaiosha.

Juma lililopita, kwa msaada wa mlinzi, nilimpata mwenye pikipiki aliyembeba alipotoka langoni. Anaegesha karibu na soko, kijana mwenye kofia ya sufu hata jua likiwa kali. Alimkumbuka kwa sababu ya ile nguo. Anasema walikuwa wamekubaliana ampeleke hadi nyumbani, pwani, lakini walipovuka daraja Mama alimgonga bega, akamwambia amshushe pale njia inapogawanyika, upande mmoja kwenda hospitali, upande wa pili kwenda bandarini, njia ya kwetu. Akashuka, akarekebisha mtandio, akamshukuru. Abiria mwingine alikuwa amekwisha mwita ng'ambo ya barabara, kwa hiyo kijana aligeuza pikipiki, na hakuona Mama alishika njia ipi.